Mashini inazama yenyewe ndani ya mbao: tafuteni zero kabla ya kutafuta mnunuzi

Ubao ulikuwa wa kambala, unene milimita 22, na mlango ulikuwa wa kanisa. Maua pembeni, msalaba katikati, vyote kwa kina cha milimita 3. Maua yalikwisha kuchongwa. Kijana akabadilisha kisu, akaweka kingine chembamba kwa ajili ya msalaba, akabonyeza kuanza. Kisu kikashuka na hakikusimama. Moshi ukatoka, mbao ikalia, na kabla mkono haujafika kwenye kitufe chekundu, kisu kilikuwa kimetoboa ubao mzima na kugusa meza ya mashini.

Hii ilipita katika atelie moja ya Mangobo, hapa Kisangani. Mashini ni ile inayochonga mbao kwa amri ya ordinatere, watu wa kazi wanaiita CNC. Feza iliyoinunua ilitoka Banalia: baba wa kijana anachimba dhahabu huko, na familia ilikata kauli kwamba mtoto asishuke shimoni, afanye kazi ya mbao mjini. Kwa hiyo ubao ulipotoboka, si kanisa peke yake lililopata hasara.

«Mashini hii iko na pepo,» kijana alituambia. «Minaiambia ishuke milimita tatu, ile inaingia mpaka ku meza.» Jirani mmoja alikuwa amekwisha kuja na bei yake, theluthi ya ile waliyonunulia, akisema mashini imekufa ubongo. Mama alikataa. «Ile feza ilitoka mu shimo,» alisema. «Haiwezi kurudi mu shimo ingine.»

Baba alifika siku ya tatu, na pikipiki, vumbi la njia ya Banalia bado kwenye nguo. Hajawahi kugusa ordinatere. Aliuliza neno moja tu: «Mutoto, mulipimia wapi?»

Ninyi mnaoshuka shimoni mnaelewa ulizo lake. Kamba ya shimo ina mafundo, na kila fundo linahesabiwa kutoka mdomo wa shimo. Mtu akisogeza mti uliofungiwa kamba, au udongo ukirundikwa mdomoni, mafundo ni yaleyale lakini hesabu inadanganya. Yule wa chini anaambiwa yuko mita nane, kumbe yuko tisa. CNC haina akili zaidi ya kamba hiyo. Haioni mbao. Inajua tu kwamba mahali fulani iliambiwa «hapa ni zero», na kutoka hapo inahesabu kushuka na kupanda.

Fundi aliyeitwa hakufungua ordinatere kwanza. Alichukua rula akapima tundu: milimita 23. Ubao 22, na alama ya milimita 1 kwenye meza. Msalaba ulitakiwa 3. Basi zimezidi 20 kamili, na pepo hapimi milimita 20 kamili. Fundi akauliza kama kuna kitu chochote pale chenye unene huo. Kilikuwepo: kile kibao cha chuma cha kupimia zero. Kinawekwa juu ya mbao, kisu kinashuka polepole mpaka kikiguse, umeme mdogo unapita, na mashini inatoa unene wa kibao ili kujua uso wa mbao uko wapi. Kijana alikuwa na haraka. Alishusha kisu karibu kabisa na mbao, kisha akagusisha kibao ubavuni mwa kisu badala ya kukilaza chini yake. Mashini ikaamini kwamba mbao iko milimita 20 chini zaidi.

Hapo ndipo wengi wangefunga mkutano na kunywa chai. Fundi aliendelea kupima, na mimi nasema hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mtu mwenye bisibisi. Alipima maua. Ua la kwanza lilikuwa milimita 3, la nne karibu 4, la mwisho 5. Hakuna aliyekuwa ameona, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye tundu. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Zero ikiwa mbaya, kosa ni moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kosa likikua kidogo kidogo, kuna kitu kinateleza.

Kilichoteleza ni kisu chenyewe. Mkia wake ulikuwa milimita 6, lakini pinsi inayokibana ilikuwa ya robo inchi, maana yake milimita 6.35. Kwa macho huoni. Ekru inakaza, unaridhika, lakini pinsi haijashika sawasawa. Na kisu kilichosokotwa ili kutoa vumbi juu, kazini kinajivuta chini chenyewe. Kambala nayo ina ujanja wake: mara nyingine ndani yake mna mawe madogo ya chokaa, na kisu kikigonga jiwe kama hilo kinashtuka kwenye pinsi. (Wachimbaji mtacheka: hata ndani ya mti kuna jiwe.) Dawa ni rahisi: pinsi ya kipimo chake, isafishwe utomvu na vumbi kila mara kisu kinapobadilishwa, na mstari wa bik uchorwe kwenye mkia wa kisu, pale kinapotokea kwenye pinsi. Mstari ukisogea baada ya kazi, umempata mwizi.

Kama mstari haukusogea na bado maua yanazidi kushuka, angalieni moteri ya kupandisha. Visi ya kiungo ikilegea, au msumeno wa vumbi ukiganda kwenye bomba la kupandia, moteri inashindwa kupanda yote lakini inahesabu kwamba imepanda. Kila safari inaanzia chini kuliko ya jana. Safisheni, tieni mafuta, kazeni visi, punguzeni mwendo wa kupanda.

Umeme ni jambo jingine, na kwa ninyi wa Banalia mnaotumia grupe ni kubwa zaidi. Mashini nyingi za bei ndogo hazina jicho la kujua zilipo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zinasahau, na pengine kichwa kizito kinashuka chenyewe. Ukirudi, msibonyeze kuendelea. Rudisheni mashini kwenye kona yake, kisha pimeni zero ya mbao upya. Ni zero mbili hizo: ya kona ni ya mashini, ya mbao ni ya kazi ya leo. Kila kisu kipya kinataka zero yake ya kushuka, kwa sababu urefu haulingani. Na ulizeni mchoro umetengenezwa kwa milimita au kwa inchi: milimita 3 zikisomwa kama inchi 3 zinakuwa 76.2, na hapo hata meza haitapona.

Jaribio la mwisho fundi aliwafanyia mbele ya baba. Aliweka zero milimita 50 juu ya mbao, akaendesha kazi nzima hewani, kidole juu ya kitufe chekundu. Kisu kilichora msalaba katika upepo, kikapanda na kushuka kama kilivyoambiwa. Baba alitazama mpaka mwisho, halafu akauliza kama anaweza kushika ile rula yeye mwenyewe.

Jirani wa theluthi alirudi jioni ileile. Alikuta ubao mwingine juu ya meza, kibao cha chuma kimelazwa chini ya kisu, na mama amekaa mlangoni.