Mwanafunzi wa Kompyuta na Mzigo wa Mwaka wa Kwanza

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya malaria, maji ya kunywa na lishe ya watoto. Safari hii tunaandika juu ya kijana aliye chuoni. Huenda wapo watakaouliza: masomo ya chuo yanahusianaje na afya? Basi tusikilize kwanza habari ya mama mmoja.

Mama huyu ni mkulima wa mpunga hapa Chekereni. Mwanawe ni wa kwanza katika ukoo wao kwenda chuo kikuu, akachagua kusomea sayansi ya kompyuta. Baada ya muhula wa kwanza kijana alirudi nyumbani amekonda. Kichwa kilimuuma kila siku, chakula hakimpiti, na usiku alikaa macho. Nyumbani walidhani ni malaria, lakini kipimo hakikuonyesha malaria. Mganga wa zahanati alipomhoji kwa upole, ndipo mambo yalipotoka. Alikuwa na masomo sita ya chuo. Juu yake aliongeza kozi ya jioni ya kutengeneza tovuti, pamoja na kazi ya kuuza duka Jumamosi na Jumapili. Alikuwa akilala saa nne tu. Na masomo mawili alikuwa ameshindwa.

Mama alitujia akauliza: "Jamani, mwanangu anaumwa au amezidiwa?" Tulimjibu kwamba ni vyote viwili, na kimoja ndicho kilichozaa kingine.

Tuhesabu saa, tusihesabu masomo

Wazazi wengi humwuliza kijana: "Una masomo mangapi?" Akijibu matano, tunaona ni machache, maana sekondari alisoma saba au tisa. Hapo ndipo tunapokosea. Mzigo wa chuo hupimwa kwa saa.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inatumia kipimo kinachoitwa krediti. Krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza. Ndani yake mna vipindi vya darasani, mazoezi ya maabara, kusoma peke yake, kazi za kuandika na mitihani. Mwaka mmoja wa shahada huwa na krediti 120, na shahada ya miaka mitatu huwa na 360.

Sasa tupige hesabu. Krediti 120 kwa mwaka ni 60 kwa muhula. Mara 10, tunapata saa 600. Muhula ukiwa wa wiki 15, mwanafunzi ana saa 40 za masomo kila wiki. Hiyo ni kazi kamili ya mtu mzima, hata kama ratiba ya ukutani inaonyesha vipindi saa 20 tu. Saa nyingine 20 hazionekani kwenye ratiba, lakini zipo na zinadaiwa.

Wiki nzima ina saa 168. Tukitoa saa 8 za usingizi kila siku, yaani 56, zinabaki 112. Tukitoa 40 za masomo, zinabaki 72. Katika hizo mwanafunzi apike au apange foleni ya chakula, afue, asali, apumzike, apigie wazazi simu. Anayepanga chumba mbali na chuo, hasa Dar es Salaam, aweza kupoteza saa 15 kwa wiki ndani ya daladala. Akiongeza somo moja la krediti 10, ameongeza saa 100 kwa muhula, karibu 7 kwa wiki. Akiongeza na kazi ya saa 20, hakuna pa kuzitoa ila kwenye usingizi.

Sisi wa Chekereni jambo hili si geni kwetu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987, maji ya mito ya Rau na Njoro yalipangiwa mifereji na mashamba yake. Baadaye watu wa juu, nje ya mradi, nao walilima mpunga, maji yakapungua, ikabidi wakulima wapeane zamu. Hakuna aliyeongeza maji kwa kuongeza majaruba. Na saa za mwanafunzi ni hivyo hivyo.

Kwa nini kompyuta huchosha mwanzoni

Mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta aghalabu una masomo ya namna tatu. Kwanza, kuandika programu, yaani kuiandikia kompyuta maagizo kwa lugha kama C au Python. Pili, hisabati: kalkulasi, mantiki, seti na mengineyo. Tatu, masomo ya jumla, kama stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo.

Somo la programu lina tabia yake. Anayesoma historia anaweza kukisia kwamba kurasa 20 zitamchukua saa mbili. Anayeandika programu hawezi kukisia hivyo. Katika lugha ya C, nukta mkato moja ikisahauliwa programu haifanyi kazi kabisa, na mgeni aweza kuitafuta saa nzima. Kazi aliyoipangia saa mbili humchukua tano. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi aache saa 5 au 6 kila wiki bila kuzipangia kitu, ziwe akiba ya makosa.

Tena somo hili hujengwa tofali juu ya tofali. Asiyeelewa wiki ya tatu hataelewa wiki ya nne, na kukesha wiki ya mtihani hakumsaidii, kwa sababu mkono haujazoea. Hisabati nayo ni vivyo hivyo. Waliosoma PCM, PGM au EGM wana msingi wa hisabati ya juu. Waliosoma PCB au CBG na kupata hisabati ya BAM tu wajue kwamba somo la hisabati la krediti 12 litawadai saa zaidi ya 8 za kila wiki. Si kwamba hawana akili, bali wana mahali pa kujazia.

Yapo mambo ya kuchagua

Kijana atasema: "Mzigo napangiwa na chuo, nichague nini?" Ni kweli kwamba katika vyuo vyetu masomo mengi ya mwaka wa kwanza ni ya lazima. Hata hivyo yapo mambo aliyo na uwezo nayo.

1. Achague shahada inayomfaa. Zipo shahada za kompyuta za miaka mitatu, na za uhandisi za miaka minne. Ipo pia iliyochanganya kompyuta na biashara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kijana asiyependa hisabati nyingi asikimbilie jina. Na aliyemaliza kidato cha nne aweza kuanza na astashahada na stashahada, akapanda polepole.

2. Muhula wa kwanza asiongeze chochote. Achukue masomo ya lazima tu, na la kuchagua pale chuo kinapodai. Kozi ya jioni, cheti cha pili, uongozi wa chama na biashara ndogo vingoje mpaka aone matokeo ya muhula huo.

3. Pale penye uhuru wa kuchagua, achanganye. Yakiwepo tayari masomo mawili mazito ya programu na hisabati, la kuchagua liwe la kusoma na kuandika. Mazito matatu au manne kwa pamoja ni mtego.

4. Ajue tarehe. Vyuo huweka majuma ya mwanzo ya muhula kuwa muda wa kuongeza au kuondoa somo. Muda huo ukipita, mlango umefungwa. Aulize ofisi ya idara mapema, si baada ya jaribio la kwanza.

5. Akiugua kweli, aombe kuahirisha masomo kwa utaratibu, akiwa na barua ya daktari. Kuahirisha kwa ruhusa si kushindwa. Kutoweka chuoni bila taarifa ndiko kunakoharibu.

Wenye ndugu Marekani wawe waangalifu na ushauri wa simu. Kule mwanafunzi huambiwa achukue krediti 15 kwa muhula, na kijana wetu mwenye 60 hushtuka. Lakini krediti ya kule hupimwa vingine: moja ni kama saa moja ya darasa na mbili za kusoma kila wiki. Kwa hiyo 15 ni kama saa 45 kwa wiki. Majina yanatofautiana, mzigo ni karibu ule ule.

Hasara ya kuzidisha

Vyuo vyetu vingi hutoa wastani wa alama, GPA, kwa kipimo cha 5: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Tuseme mwanafunzi ana masomo matano yenye krediti sawa, na yote amepata B. Wastani wake ni 3.0, daraja la pili la chini. Tuseme sasa ameongeza la sita, na kwa uchovu matatu yameshuka kuwa C. Wastani unakuwa 2.5, daraja la kupita tu. Amesoma zaidi, amevuna kidogo. Isitoshe, mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutegemea kufaulu ili mkopo uendelee mwaka unaofuata.

Mwili nao hudai haki yake

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na aliye chini ya miaka 18 saa 8 hadi 10. Wakati wa usingizi ubongo hupanga na kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Anayekesha ili ajue zaidi anaondoa kile kinachomsaidia kukumbuka. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo huanza kukosea kama mtu aliyekunywa pombe. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havilipi deni la usingizi, vinaliahirisha tu. Vikinywewa jioni hufukuza hata usingizi uliobaki.

Macho nayo yapumzishwe. Kila dakika 20 mbele ya kompyuta, mwanafunzi atazame kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na kila saa asimame atembee.

Dalili za kuzidiwa ni hizi: kichwa kuuma mara kwa mara, tumbo kuwaka, kukosa usingizi hata akiwa amechoka, kukasirika ovyo, kuacha kula, kukwepa simu za nyumbani na kukwepa vipindi. Kwanza apimwe, maana malaria na upungufu wa damu vipo kweli. Vipimo vikiwa safi, tuuangalie mzigo. Na kijana akisema amechoka kuishi, tusimkemee wala tusimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na Mshauri wa Wanafunzi chuoni ajulishwe.

Sehemu yetu wazazi

Wengi wetu hatukukua na kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ilipita kabla hazijaenea. Kwa hiyo tusione haya kutojua anachosoma mtoto. Lakini saa tunazijua. Badala ya "una masomo mangapi?" tumwulize: "Unalala saa ngapi? Wiki hii umekwama wapi, na umemwuliza nani?"

Tuache pia kumharakisha: "Fulani alisoma huku anafanya kazi, wewe je?" Kijana anayejua kwamba mpunga uliuzwa kwa ajili yake tayari ana mzigo moyoni. Kama fedha haitoshi, tuseme wazi, tupange pamoja, kuliko ajitafutie kwa siri kazi ya usiku.

Kwa wanaosubiri kuanza Oktoba au Novemba, upo muda baada ya kidato cha sita na mafunzo ya JKT. Muda huo arudie hisabati na ajifunze kuchapa kwa vidole vyote. Saa anazotumia nyumbani atazikuta chuoni kama akiba.

Yule kijana wa Chekereni amerudi chuoni. Kozi ya jioni ameiacha, duka ameliweka Jumamosi tu, na anajiandaa kurudia mitihani miwili. Mama yake anasema sasa simu zake hupokelewa.

Wenye mtoto chuoni, chukueni karatasi jioni ya leo na mpigieni simu. Andikeni saa 168 juu, toeni usingizi kwanza, kisha masomo, kisha mengine. Mkiona zimepungua, tafuteni pamoja cha kuacha. Usingizi msiuguse.