Kushusha giaboksi nyumbani: uzito ndio hatari kuu

KUSHUSHA giaboksi ya gari nyumbani, bila mitambo ya gereji, ni kazi inayowezekana. Hata hivyo, anayeifanya hana budi kukumbuka kuwa chombo hicho huweza kufikia kilo 40 au zaidi, naye atakuwa amelala chini yake.

Kwa sababu hiyo, jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Gari liegeshwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe, kisha likalishwe juu ya stendi za chuma. Matofali hayafai, kwani huweza kupasuka ghafla.

Katika gari la gia za mkono linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kazi huanza kwa kufungua waya hasi wa betri na kumwaga oili ya giaboksi. Hufuata propela shafti, ambayo hutiwa alama ili irudishwe kama ilivyokuwa, kisha mkono wa gia, stata na viungo vya klachi.

Kabla ya kufungua bolti za mwisho, jeki moja yenye ubao iwekwe chini ya injini, na nyingine chini ya giaboksi. Ivutwe nyuma ikiwa imenyooka. Ikining'inia kwa shafti yake, huweza kuharibu pleti ya klachi.

Asiye na stendi wala msaidizi ni heri amwite fundi. Ujira wake ni nafuu kuliko gharama za hospitali.