Kupanda Masisi, kupokelewa kama ndugu

Anayetaka kuijua vizuri Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, inampasa siku moja atoke Goma. Ashike barabara ya magharibi, apite Mugunga, aliache Ziwa Kivu mkono wa kushoto, na baada ya kilomita 25 hivi za ardhi ya mawe meusi ya volkano atafika Sake. Hapo tambarare inakwisha. Barabara inaanza kupindapinda kuelekea Mushaki, hewa inapoa, na vilima vya Masisi vinajitokeza kimoja nyuma ya kingine: malisho ya kijani kibichi, ng'ombe kwenye miteremko, mashamba ya viazi na maharage yaliyolimwa hadi juu kabisa.

Kutoka huko juu yanateremka mahitaji ya mji. Magunia ya viazi, makaa na kabichi hupangwa juu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, ambayo magurudumu yake huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Kijana huiendesha akiwa amepiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili. Mlimani huisukuma kwa jasho. Goma imekiheshimu chombo hiki kwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

Mgeni anayefika kijijini haanzi na shida iliyomleta. Huanza na salamu, wazee kwanza. Kiti kinatolewa ndani, hata kama ni kimoja tu nyumbani. “Karibu papa, kaa kwanza,” ataambiwa, kisha aulizwe anatoka wapi, wazazi wake wanaendeleaje, na njia ilikuwaje. Majirani wa mlimani hapa ni Wahunde, Wahutu, Watutsi na Watembo, wenye lugha zaidi ya moja za nyumbani, lakini mgeni hupokelewa kwa Kiswahili.

Mtoto huleta maji ya kunawa. Baadaye kinakuja kilichopo: viazi vya kuchemsha na maharage, au bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kwa wafugaji kikombe cha maziwa. Kuondoka bila hata kuonja ni kumwaibisha mama aliyepika. Mgeni mwenye adabu naye haji mikono mitupu. Hubeba sukari, chumvi au sabuni, akamkabidhi mama wa nyumba bila kelele. Akiaga, husindikizwa hadi barabarani.

Akibahatika atapewa pia jibini, ambayo watu wengi huiita fromaji. Mapadre wa Kibelgiji ndio walioleta ufundi huo, na wakulima wakaufanya wao. Sababu yake ni barabara: maziwa mabichi huharibika kabla ya kufika sokoni, jibini hudumu zaidi. Maziwa hupashwa moto kwenye sufuria kubwa na kugandishwa. Mabonge hukatwakatwa, hukamuliwa ndani ya vyombo vya mviringo, hutiwa chumvi, kisha hupangwa juu ya rafu za mbao yakomae. Baridi ya mlimani hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na friji.

Ukarimu huu umepimwa kwa mizigo mizito kuliko mgeni wa siku moja. Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka na lava ikasimama ukingoni mwa Goma. Siku 5 baadaye, matetemeko yakiendelea, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine kuelekea Rwanda, wengine kwa mashua, na umati mkubwa kwa miguu hadi Sake. Makanisa na shule vilijaa, na wenyeji wakafungua nyumba zao kwa watu wa mjini ambao wengi hawakuwajua hata kwa jina.

Mwanzoni mwa 2024 mkondo uligeuka. Vita kati ya jeshi na waasi wa M23 vilipokaribia Sake, watu wa mlimani waliteremka Goma na vitanda mgongoni. Picha zilizoenea duniani zilikuwa za mahema ya plastiki ya Mugunga na Bulengo, lakini nchini Kongo wengi wa waliohama makwao huhifadhiwa na familia, wala hawaishi kambini. Wanapokewa na shangazi, na muumini mwenzao, au na mteja waliyezoeana naye sokoni. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili inakuwa ya familia tatu. Chakula cha siku kinagawanywa, bidoni za maji zinaongezeka, watoto wa mwenye nyumba wanahamia kwenye mkeka.

M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi kubwa zilivunjwa ndani ya wiki chache. Familia nyingi zilipanda tena Masisi, nyingine zikakuta nyumba zimeporwa au zimebomoka. Aliyekuta hana paa alihitaji tena mlango wa mtu mwingine.

Ni haki basi familia zinazopokea zihesabiwe pia misaada inapogawanywa. Orodha ya kambi ni rahisi kuandikwa. Chumba chenye watu kumi katika mtaa wa Ndosho, Goma, hakionekani kirahisi, ingawa njaa yake ni ileile.

Msafiri naye ana nafasi yake. Siku barabara ikiwa tulivu, na madereva wa Sake ndio wanaojua habari za asubuhi hiyo, anunue jibini kwa aliyeitengeneza na viazi kwa aliyevilima, na asikazanie kupunguziwa bei. Fedha hiyo hubaki katika nyumba zilezile ambazo zimekuwa zikilisha wakimbizi kwa akiba yao wenyewe.