Shirika la ndege likiyumba, pointi zako unamdai nani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kuona pointi za ndege. Fungua kanuni za programu yoyote ya wasafiri wa mara kwa mara, zile kurasa ambazo sote huzipita haraka ili tubonyeze "nakubali", na kwa maneno haya au mengine utakuta imeandikwa kwamba pointi ni mali ya shirika, hazina thamani ya fedha, na shirika linaweza kubadilisha masharti au kuifunga programu likitaka. Ulichonacho basi ni ahadi, na kalamu anayo aliyeahidi.

Ndege zikiruka kwa wakati, hayo hayamsumbui mtu. Yanaanza kuuma magazeti yanapoandika habari za hasara, za marubani wanaodai mishahara, za ndege zilizoegeshwa kwa kukosa vipuri. Hapo mwenye pointi 80,000 huuliza: nizitumie sasa au ningoje? Jibu langu ni kwamba azitumie, tena mapema. Lakini zipo njia za kuzitumia ambazo zitamwacha palepale alipokuwa, na hizo ndizo watu wengi huzikimbilia.

Kwanza tujue msafiri anasimama wapi kwenye foleni. Kihasibu, kila pointi ambayo hujaitumia ni deni la shirika. Ulipolipa nauli, sehemu ya pesa ile haikuhesabiwa kuwa mapato. Iliwekwa upande wa madeni ikisubiri siku utakapozikomboa pointi zako. Hilo ni deni la kwenye vitabu. Mbele ya mfilisi mambo ni mengine. Chukua Kenya, ambako Sheria ya Ufilisi ni ya mwaka 2015: mabenki yenye dhamana yana haki juu ya mali iliyowekwa rehani, gharama za ufilisi zinalipwa mapema, wafanyakazi na kodi wana nafasi yao, ndipo wafuate wadai wasio na dhamana, kama vile aliyepeleka chakula cha ndege au aliyefua mablanketi. Mwenye pointi, akihesabiwa mdai, yumo katika kundi hilo la mwisho, na bado anaweza kuambiwa si mdai kabisa kwa kuwa alikubali kwa hiari yake kwamba pointi hazina thamani ya fedha.

Ansett ya Australia ilipoanguka Septemba 2001, pointi za programu yake ya Global Rewards ziligeuka tarakimu tupu. Lakini si kila shirika likianguka pointi hufa, na tofauti yenyewe ina mafunzo. Delta na Northwest za Marekani zilikimbilia ulinzi wa mahakama siku moja, tarehe 14 Septemba 2005. American Airlines ilifuata Novemba 2011. Wanachama wao walibaki na maili zao. Hiyo haikuwa huruma. Marekani mabenki hununua maili kwa mabilioni ya dola ili yazigawe kwa wenye kadi zao, kwa hiyo programu ya pointi ndiyo ng'ombe wa maziwa, hata pale ndege zenyewe zinapoleta hasara. Janga la korona lilipozima safari mwaka 2020, United iliweka programu yake ya MileagePlus dhamana ikapata dola bilioni 6.8, na Delta ikaweka SkyMiles ikapata bilioni 9. Mkopeshaji aliyeshika dhamana ya namna hiyo hawezi kukubali ichinjwe.

Kwa hiyo ukisikia shirika "limefilisika", uliza mara mbili. Linajipanga upya chini ya ulinzi wa mahakama, au linafungwa na mali yake kuuzwa? Na programu ya pointi inaingiza pesa yenyewe, au inaishi kwa viti vya shirika hilo tu?

Watu hujifariji kwamba programu ikiwa kampuni iliyojitenga na shirika, pointi ziko salama. Etihad ya Abu Dhabi ilikuwa na hisa nyingi katika programu mbili za aina hiyo. Moja ilikuwa topbonus ya Air Berlin. Air Berlin iliomba ufilisi katikati ya Agosti 2017, na kabla mwezi haujaisha topbonus nayo ilikuwa mahakamani, pointi zikiwa zimefungiwa. Ya pili ilikuwa JetPrivilege ya Jet Airways, India. Jet ilirusha ndege ya mwisho tarehe 17 Aprili 2019, lakini programu ikaendelea, ikabadilishwa jina kuwa InterMiles, na watu wakazitumia pointi zao kwenye hoteli, maduka na ndege za wengine. Mwenye hisa nyingi alikuwa yuleyule, muundo ulikuwa uleule. Ile ya India ilikuwa na mabenki na wafanyabiashara wengi waliokuwa wakinunua pointi zake. Ile ya Ujerumani ilikuwa imefungwa kamba moja na shirika lake.

Na mkono wa serikali je? Hapa kwetu ndilo tegemeo la kwanza. Shirika la Kenya Airways lilipata hasara ya shilingi bilioni 38.3 mwaka 2022 na bilioni 22.7 mwaka 2023, likapata faida ya bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, kisha nusu ya kwanza ya 2025 likarudi kwenye hasara ya bilioni 12.2. Limeendelea kuruka, na serikali ndiyo mwenye hisa mkubwa, asilimia 48.9. Sisemi linafungwa, sioni serikali ya Nairobi ikikubali hilo kirahisi. Ninachosema ni kwamba serikali huokoa shirika, na wakati mwingine huokoa jina tu. South African Airways ilisimama na kurudi angani Septemba 2021, na programu yake ya Voyager bado ipo. Italia, mwaka huohuo, serikali iliifunga Alitalia na kuanzisha ITA Airways mwezi Oktoba. Kwa makubaliano na Tume ya Ulaya, shirika jipya halikuruhusiwa kuinunua MilleMiglia, programu ya zamani. ITA ikaanzisha yake, Volare, na kila msafiri akaanza na sifuri. Bendera kwenye mkia wa ndege haikubadilika.

Sasa tuje kwenye tiketi, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu akiona shirika lake linayumba, huchukua pointi zake na kukata tiketi ya shirika rafiki lenye afya. Anajiambia: nimeshatoka, mimi sasa naruka na wengine. Tazama namba ya tiketi hiyo. Ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo hutaja shirika lililoitoa. 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 083 ni South African. Ikiwa tiketi inaanza na namba ya shirika linaloyumba, basi hata kama ndege utakayopanda ni ya KLM, atakayeilipa KLM ni yule mgonjwa wako. Tena huilipa baada ya wewe kuruka, kupitia mfumo wa kusawazisha madeni unaoendeshwa na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege. Shirika likitolewa kwenye mfumo huo, kama Jet Airways ilivyotolewa mara tu iliposimama, mashirika mengine hayana uhakika wa kulipwa na yanaweza kukataa tiketi zake. Utasimama kaunta na tiketi halali ambayo hakuna anayetaka kuipokea.

Kwa hiyo kukata tiketi hakujamaliza kazi. Pointi zimetumika siku ulipokaa kitini na mlango wa ndege ukafungwa. Kwa shirika linaloyumba, safari ya wiki mbili zijazo kwenda Zanzibar ni bora kuliko safari ya ndoto ya miezi kumi ijayo kwenda Paris, hata kama kwa hesabu ya kawaida ile ya Paris ingekupa thamani kubwa zaidi. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba wanaokwenda Guangzhou mara kadhaa kwa mwaka wana bahati hapo: safari yao ijayo haiko mbali, na pointi zinaweza kuliwa humo humo. Ila wasizitegemee kwa kurudi. Tiketi ya pointi iwe ya kwenda, na ya kurudi iwe ya shirika jingine, au angalau pesa yake iwe imewekwa kando. Kukwama Guangzhou na mizigo ni gharama kuliko pointi zote ulizokuwa ukizikimbiza.

Kuna mtego mwingine ambao sijui kwa nini hauzungumzwi. Shirika likifuta safari uliyoikata kwa pointi, kwa kawaida hurudishiwi pesa, unarudishiwa pointi. Zinaingia tena kwenye akaunti uliyokuwa ukiikimbia. Pesa taslimu uliyotoa ni kodi na tozo tu, nazo si ndogo. Chukua tiketi ambayo bei yake ni shilingi 60,000 za Kenya, na ya pointi inadai pointi 30,000 pamoja na shilingi 15,000 za tozo. Pointi zimekuokolea 45,000, yaani shilingi 1.50 kila moja. Hizo 15,000 lipa kwa kadi ya benki, kwa sababu mwenye kadi anaweza kuiomba benki yake imrejeshee malipo ya huduma ambayo haikutolewa. M-Pesa haina mlango wa namna hiyo. Na katika hali ya hatari, kubali hata senti 70 kwa pointi. Nimewaona watu waking'ang'ania thamani ya juu kabisa kama mwenye shamba anayesubiri bei ipande huku ghala linavuja.

Dalili za kuangalia si tangazo la hasara peke yake. Mashirika mengi hupata hasara miaka nenda rudi. Angalia wenye ndege za kukodi wakianza kuzichukua. Jet Airways ilianza 2019 na ndege zaidi ya 100, na kufikia siku zake za mwisho zilikuwa zikihesabika kwa vidole. Angalia mashirika rafiki yakijitoa kwenye safari za pamoja. Angalia pia ofa za kununua pointi kwa punguzo ambalo hujawahi kuliona: shirika lenye kiu ya fedha taslimu huuza ahadi kwa bei rahisi, kwani ahadi hailigharimu kitu leo. Usinunue. Na ukishaziona dalili hizo, usisubiri taarifa rasmi, maana taarifa huja mlango ukiwa umeshafungwa. Virgin Australia ilipoingia mikononi mwa wasimamizi Aprili 2020, programu yake ya Velocity ilisimamisha ukombozi wa pointi siku hizohizo, ingawa nayo ilikuwa kampuni iliyojitenga. Baadaye ilifungua tena, kwa masharti. Wengine hawakuwahi kufungua.

Wenye pointi chache zisizotosha tiketi wasihangaike sana. Programu ikiruhusu kuunganisha za familia, unganisheni. La sivyo, vocha ya hoteli au ya duka inatosha, alimradi uitumie wiki hiyohiyo. Kuuza pointi kwa watu ni kinyume cha kanuni, na akaunti huweza kufutwa. Ukiwa na daraja la juu lililokupa ukumbi wa kupumzikia na mizigo ya ziada, waandikie washindani wa shirika lako wakati kadi ingali hai. Baadhi yao hukubali kukupa daraja linalolingana ili wakuvute.

Lakini kinga bora huwekwa kabla, siku ya kukata tiketi. Msafiri wa shirika lililo ndani ya muungano halazimiki kuweka maili zake kwenye programu ya shirika hilo. Kenya Airways imo SkyTeam. Ilikuwa sehemu ya Flying Blue ya Air France na KLM kabla ya kuanzisha Asante Rewards yake. Mtu anaweza kuruka nayo kutoka Nairobi na kuandikisha namba yake ya Flying Blue, maili zikaenda Ulaya. Hapo deni linahama: unayemdai si yule unayepanda ndege yake. Kiwango cha maili hutofautiana kwa daraja la tiketi, kwa hiyo kisome kwanza. Ukisahau kuandikisha namba, programu nyingi hupokea madai ya baadaye kwa muda maalumu. Weka kipande cha pasi ya kupandia ndege. Na pointi za kadi ya benki ziache benki mpaka siku ya kukata tiketi. Ukishazihamishia kwenye shirika, kwa kawaida hazirudi.

Na usifanye haya yote kwa hofu. Mashirika mengi huyumba miaka mingi bila kuanguka, na anayekimbilia kukata tiketi ya safari asiyoihitaji, akalipa tozo za 15,000 ili kuokoa pointi za 10,000, amejifilisi mwenyewe kabla ya shirika. Kama huna safari, huna haraka ya kupita kiasi. Ila kama unayo mwaka huu, ilipe kwa pointi kwanza na pesa baadaye. Na kama tayari una tiketi ya Desemba, itoe uitazame tarakimu zake 3 za mwanzo. Zikiwa za shirika linaloyumba, anza mwezi huu kuweka kando nauli ya kukurudisha nyumbani.