Kamera ya babu imekwama? Usiilazimishe kabla ya kujua kilichomo ndani

KATIKA nyumba nyingi za Burnt Forest, mji ulioko kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, picha za zamani ni adimu. Ghasia za kikabila za mwaka wa 1992, na zile zilizofuatia uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, ziliteketeza makazi ya watu. Nyumba zilipoungua, ziliungua pia albamu za harusi, za ubatizo na za wazee waliokwisha kuaga dunia.

Ndiyo sababu mtu aliyerithi kamera kuukuu ya filamu, akabonyeza kitufe na isilie, hapaswi kukimbilia bisibisi. Huenda ndani mna filamu ambayo haijasafishwa, nayo ikawa na sura ambazo hazipatikani tena kwingine kokote.

Basi swali la kwanza si kwa nini kamera imekwama, bali ni kama ina filamu. Kamera nyingi za milimita 35 zina kirungu cha kurudishia filamu juu, upande wa kushoto. Kizungushe polepole kufuata mshale. Kikikaza, acha hapo hapo, kwani filamu imo. Kamera isiyo na kirungu hicho ichukuliwe kuwa ina filamu hadi ithibitike vinginevyo.

Kifuniko cha nyuma kisifunguliwe kwenye mwanga hata kidogo. Subiri usiku, ingia katika chumba kisicho na dirisha, ziba mianya ya mlango kwa blanketi, na uzime simu. Toa filamu kwa kupapasa, ikunje ikaze, kisha uitie katika mkebe usiopenya mwanga kabla ya kuwasha taa. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe huweza kuhifadhi picha kwa miongo mingi. Ile ya rangi hufifia upesi zaidi. Mweleze anayeisafisha kwamba ni ya zamani, ili aipime dawa ipasavyo.

Filamu ikishaokolewa, sasa yaweza kutafutwa sababu ya kukwama. Anza na yaliyo rahisi. Baadhi ya kamera hazifanyi kazi bila betri. Canon AE-1, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1976, haitafyatuka kamwe bila betri yake ya volti 6. Betri ikiwa imevuja, futa kutu kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, kisha ukaushe. Tazama pia kama kitufe kimefungwa kwa komeo lake, na ukumbuke kwamba kamera nyingine hukataa kufyatuka mpaka filamu ivutwe kwanza.

Yote hayo yakishindikana, mshukiwa mkuu ni mafuta. Kamera za lenzi mbili, mathalani Rolleiflex ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1929, na Yashica-Mat ya Japani, zina kilango cha mwanga ndani ya lenzi. Kilango hicho ni vibamba vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mafuta ya kiwandani yakizeeka, hutambaa hadi kwenye vibamba na kuvigandisha kama gundi. Baridi huyazidisha uzito, na Burnt Forest iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huenda kamera iliyogoma alfajiri ikaitika adhuhuri.

Kwa hiyo iache katika chumba chenye joto la kawaida, mbali na jiko, kisha uifyatue mara ishirini hivi bila kutumia nguvu. Ikifunguka polepole, mafuta ndiyo chanzo. Fundi huondoa lenzi ya mbele, akavipangusa vibamba kwa pamba yenye tone la petroli nyepesi ya viberiti, akangoja ikauke, na kurudia. Kazi hiyo ifanywe penye hewa, mbali na moto wowote. Vibamba hivyo hufanya kazi vikiwa vikavu. Kuvitia mafuta ya cherehani au ya kupikia ni kuvikwamisha upya.

Kamera yenye pazia la kitambaa mbele ya filamu isimwagiwe kitu chochote. Hiyo ipelekwe kwa fundi, na pasipo fundi wa kamera, fundi wa saa aliyezoea vyombo vidogo ana afadhali kuliko mwenye bisibisi kubwa. Magurudumu yanayohesabu mwendo wa polepole ndani ya kamera yanafanana sana na yale ya saa. Kila skrubu inapotolewa, ipigwe picha kwa simu ili kila kitu kirudi mahali pake.

Hatimaye, kamera isirudishwe katika mkoba wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi. Iwekwe mahali pakavu, pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Hata ikiwa kamera haitalia tena, aliyeanza kwa kuiokoa filamu hajapoteza. Chuma chaweza kusubiri fundi mwaka mzima, lakini filamu iliyochomwa na mwanga haina fundi.