Themanini Tu, Daktari: Maana ya Kikomo cha Mwendo kwa Dereva

Kwa majuma matatu mfululizo, mazungumzo yetu ya asubuhi kando ya kitanda cha mgonjwa huyu yalikuwa yaleyale. Mimi humwambia, "Shikamoo, mzee." Yeye huitikia, "Marahaba, daktari," na kabla sijamuuliza habari za mguu wake uliovunjika, huniuliza: "Mtoto ameamkaje?"

Mgonjwa ni dereva wa gari dogo la kukodi. Amevuka miaka 50, na zaidi ya nusu ya umri wake ameutumia akiwa ameshika usukani. Mtoto ni mvulana wa darasa la tatu, aliyelazwa katika wodi nyingine ya hospitali hiyohiyo kwa jeraha la ubongo. Baadhi ya mambo nimeyabadili ili wahusika wasitambulike, lakini kiini cha habari ni hiki: walikutana mchana kweupe, katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu. Mtoto alichomoza nyuma ya lori lililoegeshwa. Dereva akakanyaga breki, akakata usukani. Gari likampiga mtoto, kisha likaishia kwenye mti.

Siku nilipomuuliza mwendo aliokuwa nao, hakuficha. "Themanini tu, daktari. Barabara ilikuwa nyeupe."

Mwanzoni mwa kijiji kile kuna kibao cha 50. Alikuwa akikiona kila apitapo. Siku chache baadaye akaniuliza swali ambalo, bila shaka, lilikuwa limemnyima usingizi: "Ningekuwa kwenye hamsini, ingekuwaje?"

Swali hilo lina jibu, na kila anayeendesha chombo cha moto anastahili kulijua.

Sekunde moja na nusu

Gari halianzi kusimama pale dereva anapoona hatari. Jicho huona, ubongo hutambua na kuamua, mguu huhama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kwa dereva aliye macho na asiyetazama simu, shughuli hiyo yote huchukua kama sekunde moja na nusu. Katika muda huo gari linaendelea na mwendo wake uleule, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tuseme basi kwamba mtoto alichomoza mita 40 mbele ya gari. Tuchukue gari dogo lenye breki nzima na matairi mazuri, kwenye lami kavu, na tulipitishe hapo mara tatu.

Mara ya kwanza linakwenda kilomita 50 kwa saa. Kabla breki haijaguswa, gari limekula mita 21. Breki ikishashika, linahitaji mita 14 nyingine. Jumla ni mita 35: gari limesimama, na kati yake na mtoto zimebaki mita 5. Mtoto atapigiwa honi, atakemewa, na jioni atakula chakula chake nyumbani.

Mara ya pili linakwenda 60. Mita 25 zinapotea kabla ya breki, na mita 15 zilizobaki hazitoshi. Gari linamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wa kilomita 30 kwa saa.

Mara ya tatu linakwenda 80. Mita 33 zimepita kabla mguu haujagusa breki. Zimebaki 7 tu. Gari linampiga mtoto likiwa na mwendo wa kilomita 72 kwa saa. Kwa maneno mengine, breki haikupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Dereva ni yuleyule, na gari, barabara na mtoto ni walewale. Kilichobadilika ni namba iliyosomwa na mshale wa spidi. Tena tazama tofauti ya 50 na 60, ambayo madereva wengi huihesabu kuwa si kitu: mmoja amesimama, mwingine amegonga. Mvua ikinyesha, matairi yakiwa yamekwisha au gari likiwa na mzigo mzito, umbali wote huo unarefuka.

Mwili nao una kikomo

Nguvu inayobebwa na gari haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ukitoka 50 kwenda 80, umeongeza mwendo kwa asilimia 60, lakini nguvu itakayopasa kumalizwa na breki, au na mwili wa mtu, imezidi mara mbili na nusu.

Wahudumu wa afya wa pwani, ambao huwapokea wakwezi walioanguka kutoka minazini, wataielewa hesabu hii kwa njia nyepesi. Kusimamishwa ghafla ukiwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kufika chini baada ya kuanguka kutoka mita tatu na nusu. Kwa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka mnazi wa mita 10. Kwa kilomita 80 ni mita 25, kimo ambacho minazi mingi haikifikii. Hakuna mkwezi ambaye angeruka kutoka huko kwa kujiamini kwamba ana uzoefu wa miaka mingi.

Tena katika kila ajali kuna migongano mitatu. Wa kwanza ni wa gari na kitu kilicho mbele yake. Wa pili ni wa mwili wa mtu na gari: kifua na usukani, kichwa na kioo, goti na dashibodi. Wa tatu hauonekani kwa macho, nao ndio unaowaua wengi: viungo vya ndani vinaendelea kusonga baada ya mwili kusimama. Ubongo hugonga fuvu, na mishipa midogo inayoushikilia hukatika na kuvuja damu. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni unaweza kuchanika. Ini na bandama hupasuka. Ndiyo maana majeruhi anaweza kufika mapokezi akiongea, asiwe na jeraha lolote la nje, na baada ya saa chache akazidiwa. Mkanda na kofia ngumu hupunguza makali ya mgongano wa pili na wa tatu. Mwendo ndio unaoamua ukubwa wa yote mitatu.

Dozi inayonywewa na mwingine

Sisi wa hospitali tuna neno linalofaa hapa: dozi. Mtu mzima huelekezwa asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa siku. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa kumdharau mgonjwa wala kwa kutilia shaka ujasiri wake. Kimewekwa kwa sababu ini lina mwisho wa kuhimili. Kibao cha 50 nacho ni kipimo cha namna hiyo. Hakisemi neno lolote kuhusu ustadi wa dereva au ubora wa gari lake. Kinasema habari za watu wanaoishi mahali hapo: kwamba wanavuka kwa miguu, kwamba kuna watoto na wazee, na kwamba miili yao haihimili zaidi. Tofauti ni moja tu: anayezidisha dozi hii ni dereva, na anayeinywa mara nyingi ni mwingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linaeleza pia kwamba kila wastani wa mwendo unapopanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachangamana sana, ushauri wake ni kilomita 30 kwa saa.

Sheria, tochi na bei ya twiga

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, yakiwemo malori na mabasi makubwa. Kikomo si lengo la kufikiwa. Usiku, kwenye mvua au mbele ya shule, mwendo ulio salama huwa chini ya ule ulioandikwa.

Lakini barabarani kibao kimepewa maana nyingine. Wengi hukichukulia kuwa ni mali ya askari mwenye tochi. Madereva huwashiana taa kuonyana kwamba trafiki yuko mbele. Mwendo hushuka, askari hupitwa kwa heshima, kisha mafuta hukanyagwa upya. Anayewasha taa huona amemtendea mwenzake wema. Lakini tochi ya askari haijavunja mfupa wa mtu.

Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Humo kuna mabango yanayotaja faini ya kumgonga kila aina ya mnyama, na abiria wa mabasi hupenda kuyasoma kwa sauti na kushangaa bei ya twiga. Madereva hupunguza mwendo, na ni vyema wafanye hivyo. Mbele ya hifadhi vipo vijiji, na huko hakuna bango linalotaja bei ya mtoto. Pana kibao cha 50 peke yake.

Na kwa kukipuuza, dereva anapata nini? Kijiji chenye urefu wa kilomita 2 hupitwa kwa dakika 2 na sekunde 24 kwa mwendo wa 50. Kwa mwendo wa 80 hupitwa kwa dakika 1 na sekunde 30. Faida ni sekunde 54. Mgonjwa wangu amelala kitandani majuma matatu.

Yanayotuhusu sisi wa hospitali

Mhudumu wa afya hatengenezi barabara, lakini anazo nafasi ambazo askari hana. Anapoandika dawa, amuulize mgonjwa: "Je, unaendesha gari au bodaboda?" Baadhi ya dawa za mafua na mzio, dawa za usingizi na dawa kali za maumivu hulegeza fahamu, na ile sekunde moja na nusu ikawa mbili au zaidi. Kwa mwendo wa 80, kila nusu sekunde inayoongezeka ni mita 11 nyingine bila breki. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini aelezwe hatari ya sukari kushuka akiwa safarini, na apime kabla ya kuondoka. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kwa uwazi kabla ya kushika usukani. Pombe na uchovu vinajulikana, tusichoke kuvitaja.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayemsindikiza mgonjwa, kumbuka kwamba abiria ana sauti. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaomwambia dereva aongeze mwendo, na anayemwomba apunguze tunamcheka kuwa mwoga. Kumwambia dereva kwa adabu, "Ndugu dereva, tunaomba upunguze, tumeingia kijijini," si utovu wa heshima. Hata dereva wa gari la wagonjwa anapaswa kukumbuka kwamba kufika na majeruhi wa pili si kuwahi.

Barabara nazo zinaweza kufundishwa upole. Jijini Dar es Salaam, mradi wa shirika la Amend wa kuboresha maeneo ya shule za msingi umejenga njia za waenda kwa miguu, vivuko na matuta mahali ambapo watoto hupita kila siku, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Dereva anayelaani tuta mbele ya shule akumbuke kwamba limewekwa kwa sababu kibao peke yake hakikusikilizwa.

Karatasi ya mfukoni

Nilimjibu mzee yule. Nilivuta kiti, nikachora mstari kwenye karatasi, nikaandika namba tatu: 50, gari linasimama mita 5 kabla, 60, linagonga kwa 30, 80, linagonga kwa 72. Aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Mtoto sasa anatembea. Maneno humjia polepole, na mama yake anamfundisha upya kuandika jina lake. Hatujui ni kiasi gani cha alichokuwa nacho kitarudi.

Siku ya kuruhusiwa, dereva alikwenda kwa magongo hadi wodi ya watoto, akakaa kidogo na familia ile, kisha akarudi kuniaga. Aliniomba ile karatasi. Akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati.

"Nitawaonyesha wenzangu kijiweni," alisema. "Miaka yote hii nilidhani hamsini ni ya trafiki."