Kijiji cha Mkoromo Mkuu

Mume akikoroma, mkewe humgeuza ubavu; akishindwa, huchukua mto wake akahamia kwa watoto. Je, kijiji kizima kikikoroma, atahamia wapi? Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kipo kijiji kiitwacho Great Snoring, yaani Mkoromo Mkuu. Jirani yake ni Little Snoring, Mkoromo Mdogo. La ajabu, huo Mdogo ndio wenye wakazi wengi zaidi. Nasi tuliowahi kulala chumba kimoja na mtoto mwenye mafua hatukustaajabu.

Hata hivyo, jina hilo halina usingizi ndani yake. Zama za Wasaksoni palikuwa na mtu aitwaye Snear, na kile kipande cha mwisho cha jina kilimaanisha watu wake, kama Waarabu wasemavyo Bani Fulani. Limo hata katika daftari la ardhi alilolitengenezesha Mfalme William mwaka 1086. Matamshi yakageuka vinywani, kizazi baada ya kizazi, hata mzee wa watu, aliyewaachia jamaa zake jina, akawa mzaha wa wapita njia.

Na usingizi wenyewe uliwahi kuadimika huko. Mwaka 1943 Little Snoring ilifunguliwa uwanja wa ndege za kivita, zikiruka usiku kwenda kupigana na Wajerumani. Mfikirieni mama anayembembeleza mwanawe, na injini zinanguruma juu ya paa. Nyakati hizo, hata mume mwenye mkoromo mkuu hakusikika.